Mtoto Asiyeitika: Juu ya Hadithi za Picha Wanazofundishiwa Madaktari

Siku hizi mwanafunzi wa udaktari hajifunzi kwa vitabu na kwa vitanda vya hospitali tu. Katika vyuo vingi vya dunia yeye huketi mbele ya kompyuta, au hushika simu yake, akatazama hadithi fupi iliyosimuliwa na mgonjwa au na mzazi, kwa sauti yake mwenyewe, pamoja na picha za nyumba yake na watu wake. Kazi hiyo huitwa usimulizi wa kidijitali. Na kati ya mambo yanayofundishwa kwa njia hiyo ni usonji, yaani hali ile ambayo wataalamu huiita pia otizimu. Leo twataka kuipima kazi hiyo: inafaa kwa nini, inapotosha wapi, na sisi watu wa Sake tuna neno gani la kusema juu yake.

Sisi si mabingwa wa udaktari wala wa sinema. Kazi yetu ni kufundisha dini. Lakini Jumapili moja baada ya Misa kijana wa mtaa wetu, anayesoma udaktari mjini Goma, alikuja kutusalimu. Alikuwa na sinema mbili katika kompyuta yake, ambazo alipenda kuwaonyesha wenzake darasani. Akasema, “Mwalimu, zitazame kwanza, uniambie kama zinasema kweli.” Tukamjibu kwamba sisi hatuwezi kujua, ila yuko anayeweza. Tukamwita mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye mwanawe wa miaka 11 hasemi, wala haitiki akiitwa jina lake. Basi tukaketi watatu juu ya benchi moja, kijana akitufasiria maneno kwa Kiswahili, na mtoto karibu na mlango, akizungusha kifuniko cha sufuria sakafuni.

Kabla ya kuwahukumu wengine, yafaa tukiri kosa letu. Miaka miwili kabla ya siku ile mama huyo alimleta mtoto wake katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Tulimwuliza mtoto jina lake. Hakututazama, alitazama mwanga uliopita katika tundu la bati. Tukamwuliza tena kwa sauti kubwa, akaziba masikio, akalia. Tukamwambia mama, “Ngoja kwanza apate akili.” Tulisema kwa upole, hata moyoni tukajisifu kwa upole wetu. Mama akamshika mtoto mkono, akaenda zake, wala hatukumwona kanisani kwa muda wa mwaka mzima.

Sasa, usonji ni nini? Si ugonjwa wa kuambukiza, si mapepo, si laana ya ukoo, wala si malezi mabaya. Ni namna ubongo unavyokua tangu mwanzo, hata kabla ya mtoto kuzaliwa. Wenye usonji hawafanani. Mmoja hasemi kabisa. Mwingine husema sana, lakini juu ya jambo moja tu alipendalo. Mmoja hawezi kuvumilia kelele za soko. Mwingine hutulia akisikia mvua juu ya mabati. Wengi hupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule kila siku, na badiliko dogo huwatia hofu kubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo parokia yenye waamini 10,000 ingekuwa nao karibu 80. Je, tunawajua wangapi?

Katika miaka ya 1970 mtaalamu mmoja, Victor Lotter, alipita katika miji 9 ya nchi 6 za Afrika akiwatafuta watoto wa namna hiyo, na habari zake zikatoka mwaka 1978. Aliwapata wachache mno. Lakini aliwatafuta kati ya watoto wenye ulemavu wa akili waliokuwa tayari wamepelekwa mahali pa kutunzwa. Aliyefungiwa chumba cha nyuma, mgeni atamwonaje?

Wengine hudhani kwamba hadithi ni pambo tu, na elimu ya kweli ni vipimo. Sivyo. Elimu ya usonji yenyewe ilianza kwa hadithi ya mzazi. Mwaka 1938 baba mmoja wa mji mdogo wa Forest, katika jimbo la Mississippi huko Marekani, aliandika barua ya kurasa 33 juu ya mwanawe Donald Triplett, akampelekea Daktari Leo Kanner mjini Baltimore. Alieleza jinsi mtoto alivyopenda kuwa peke yake, jinsi alivyozungusha vitu, na jinsi alivyokuwa na kumbukumbu ya ajabu. Kanner aliisoma barua ile, akamchunguza mtoto, kisha akachunguza na wengine. Na mwaka 1943 akatoa makala yake juu ya watoto 11, Donald akiwa wa kwanza katika orodha. Na tulipoambiwa jambo moja lililoandikwa humo tuliinamisha kichwa: mtoto yule, angali mdogo sana, alikuwa amekwisha kushika moyoni maswali na majibu 25 ya katekisimu ya Wapresbiteri. Mtoto wa kwanza kuandikwa katika habari za usonji alijua katekisimu, na sisi tulimfukuza wa kwetu mlangoni! Donald huyo alikua, akafanya kazi katika benki ya mji wake, akaendesha motokaa, akacheza golfu, akafa mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Lakini hadithi huweza pia kuua. Baada ya Kanner madaktari wengi walitunga hadithi yao wenyewe juu ya wazazi: kwamba mama wa mtoto huyo ana moyo wa barafu, na kwa kukosa pendo mtoto amejifungia ndani yake. Bruno Bettelheim aliieneza katika kitabu chake cha mwaka 1967, ingawa Bernard Rimland, ambaye alikuwa mtaalamu na baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa amekwisha kuipinga kwa hoja katika kitabu cha mwaka 1964. Kanner mwenyewe aliwahi kuandika juu ya ubaridi wa wazazi. Mwaka 1969 alisimama mbele ya mkutano wa wazazi, akawatangaza kuwa hawana hatia. Fikirini akina mama wangapi walikwisha kulia kabla ya siku hiyo! Tena mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield pamoja na wenzake walitoa makala juu ya watoto 12, iliyowafanya watu waamini kwamba chanjo ya surua huleta usonji. Haikuwa kweli. Gazeti lililoichapa liliifuta mwaka 2010, na Wakefield akaondolewa katika daftari la madaktari wa Uingereza. Hata leo wako wazazi wanaoiogopa sindano kwa sababu ya hadithi ile.

Basi tusiseme, “Ni hadithi, ni nzuri.” Yatupasa kuuliza kila mara: Ni sauti ya nani? Nani aliyeishika kalamu? Nani atakayepata faida, na nani atakayeaibika? Kwa maswali hayo twaanza sasa kupima.

Kwanza, kazi yenyewe. Hadithi fupi za namna hii zilianza California katika miaka ya 1990, Joe Lambert na wenzake walipowafundisha watu wa kawaida kusimulia jambo moja la maisha yao kwa dakika chache, kwa sauti zao na picha zao. Huko Uingereza Pip Hardy na Tony Sumner walianzisha mwaka 2003 kazi iitwayo Patient Voices, ili wagonjwa na jamaa zao wawafundishe madaktari na wauguzi. Kitu tunachokisifu hapa si mashine, bali utaratibu. Watu huketi pamoja katika kikundi, husikilizana, na kila mmoja huijenga hadithi yake. Msimulizi huiona kwanza, naye ndiye mwenye kusema ndiyo au hapana kabla haijaonyeshwa kwa wengine. Huyo si mgonjwa anayepigwa picha kitandani bila kuulizwa. Huyo ni mwalimu.

Pili, sinema ya kwanza tuliyoitazama. Jina lake ni “The Reason I Jump”. Iliongozwa na Jerry Rothwell, ikaonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2020. Si hadithi fupi kama zile tulizozieleza, bali ni sinema kamili. Ila kijana wetu alitaka kuwaonyesha wenzake sehemu zake. Imejengwa juu ya kitabu cha Naoki Higashida wa Japani, kinachosemwa kuwa alikiandika akiwa na miaka 13, nayo huonyesha vijana wa India, Uingereza, Marekani na Sierra Leone. Uzuri wake ni mkubwa. Vitu vidogo huonyeshwa kwa karibu mno, na sauti ndogo hukuzwa, hata mtazamaji huanza kuona jinsi dunia inavyoweza kumwangukia mtu yote kwa mara moja. Mwanafunzi aliyezoea kusoma orodha ya dalili atajua kwamba anayeziba masikio hafanyi ukaidi. Hilo ni somo kubwa, wala hatukulipata kwa kusoma.

Ilipofika sehemu ya mji wa Freetown mama yule alisogea karibu na kioo. Tulimwona msichana Jestina na wazazi wake, wakisimulia jinsi watu wanavyowaita watoto hao watoto wa shetani, na jinsi walivyopigania kuwe na shule. Mama akasema kwa sauti ndogo, “Hawa ni wa kwetu.” Kisha akauliza, “Mwanangu, hayo maneno yanayosomwa juu ya picha ni ya msichana huyu?” Kijana akajibu, “Hapana, Mama, ni ya yule kijana wa Japani.” Mama akafikiri kidogo, akasema, “Basi, yeye hajasema bado.”

Wasomaji wapenzi, hatujasikia hukumu ya sinema iliyo fupi na kweli kuliko hiyo. Sauti moja imetandazwa juu ya watoto wa nchi nne, kama shuka moja juu ya vitanda vitano. Shuka ni nzuri, lakini chini yake hatujui nani amelala vipi. Mwanafunzi akitoka hapo na kusema, “Sasa najua wenye usonji wanavyofikiri,” amejifunza vibaya. Amejua jinsi mmoja anavyosemwa kufikiri.

Tena liko jambo zito zaidi kwa madaktari. Vijana wawili wa Marekani katika sinema hiyo husema kwa kuonyesha herufi katika ubao ulioshikwa na mtu mwingine. Yanayotoka hapo yanagusa moyo. Lakini chama kikubwa cha wataalamu wa kusema na kusikia huko Marekani kilitoa tamko mwaka 2018 kuonya juu ya njia za namna hiyo, kwa kuwa haijathibitishwa kwamba maneno ni ya mtoto na si ya yule anayeshika ubao. Wako wazazi wanaoitetea kwa nguvu, nasi hatuwadharau. Lakini katika sinema hatukuuona ubishi huo, na mwanafunzi wa udaktari ana haki ya kuujua. Mwalimu atakayeonyesha sehemu hiyo bila neno lolote atakuwa ametoa dawa bila kusoma karatasi yake.

Tatu, sinema ya pili. Ni fupi, ya dakika 8 na kidogo, na jina lake ni “In My Language”, yaani Katika Lugha Yangu. Ilitengenezwa mwaka 2007 na Mel Baggs wa Marekani, mtu mwenye usonji aliyefariki mwaka 2020. Hii ndiyo hadithi ya kidijitali kwa maana kamili: mwenye hali hiyo ndiye aliyejipiga picha na kujitungia maneno. Mwanzoni hakuna neno hata moja. Twamwona mtu akijisukasuka, akiimba sauti isiyo na maneno, akipapasa vitu, akichezesha vidole katika maji ya bomba. Mtu hujiuliza, “Jambo hili litaisha lini?” Kisha hutokea neno la kutangaza tafsiri, na sauti ya mashine husoma maneno ambayo Baggs aliyaandika kwa kupiga herufi. Anaeleza kwamba kuyagusa yale maji hakukuwa na fumbo lolote la kufumbuliwa. Ni kuzungumza na vitu vilivyomzunguka. Analalamika pia kwamba watu humhesabu kuwa mwenye akili pale tu anapotumia lugha yao, lakini wao wasipojua lugha yake hakuna anayewaita wapungufu.

Twaisifu sinema hii kuliko ile ya kwanza, ingawa haina fedha wala mapambo. Kwa maana inamkamata mtazamaji mahali alipokosea. Sisi tuliketi dakika tatu bila heshima, tukaanza kuheshimu sauti ya mashine iliposema maneno mazuri. Na hilo ndilo analotushitaki! Mwanafunzi mwenye busara atatoka hapo akijihoji mwenyewe, si akimhoji mgonjwa.

Hata hivyo ina hatari yake, na hatari hiyo haitoki kwake, bali kwetu. Watu hupenda muujiza. Wakimwona mmoja aliyekaa kimya kisha akaandika kama mwanachuoni, watataka kila mtoto aliye kimya awe na hotuba iliyofichwa ndani yake. Asipoitoa, watamchoka. Lakini wako watoto wengi ambao hawataandika kamwe, wala hakuna mashine itakayowafasiria. Je, hao wana heshima pungufu? Imani yetu yasema hapana. Na daktari asiye na imani yetu pia, akiwa ameshika vizuri kiapo cha kazi yake, atasema hapana.

Mama yule, sinema ilipokwisha, alicheka mara ya kwanza siku ile. Akamwonyesha mwanawe kwa kidole, akasema, “Huyu naye anazungumza na kifuniko chake.” Ndipo alipotusimulia jambo ambalo hatukuwa tumelisikia, ingawa twakaa mtaa mmoja.

Mwezi wa Februari 2024, mabomu yalipoanguka Sake, alikimbia na watoto wake kwa njia ya Goma pamoja na umati wa watu. Karibu na Mubambiro mtoto huyo aliuponyoka mkono wake. Mama aliita jina lake mpaka sauti ikakauka. Wengine walimsaidia kuita. Lakini mtoto huyu haitiki jina! Walipoita zaidi, kelele zilizidi. Na kelele zilipozidi, yeye alizidi kwenda mbali. Ndipo mama akakumbuka. Alishusha mzigo kichwani, akatoa kifuniko cha sufuria, akakizungusha juu ya jiwe, kikalia kama kinavyolia nyumbani. Akarudia mara nyingi, watu wakidhani amepotewa na akili. Baada ya muda mtoto akatokea kati ya miguu ya watu, akaja moja kwa moja, akaketi mbele ya kifuniko.

Siku chache baadaye alimpeleka mahali pa matibabu kwa sababu ya homa. Kijana mmoja aliyekuwa katika staji alimwita mtoto jina mara mbili, kisha akaandika kwamba ni kiziwi. Mama akasema, “Anasikia.” Kijana hakuinua kichwa, kwa kuwa mstari wa wagonjwa ulikuwa mrefu. Hatumtaji kijana huyo wala mahali pale, tena hatumlaumu kuliko tunavyojilaumu. Yeye aliandika kiziwi. Sisi tulisema hana akili. Wote wawili tulikuwa na mwalimu mbele yetu, tukamwomba atoke.

Wahenga walisema: Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hapo ndipo tulipoona upungufu wa sinema zote mbili kwetu sisi. Hazikutengenezwa kwa ajili ya barabara ya Sake. Haziwezi kumwambia daktari wa Kivu kwamba mtoto asiyeitika hupotea wakati wa kukimbia, kwamba kijana asiyesimama aambiwapo “Simama!” anaweza kuuawa bure na mwenye bunduki, kwamba kambini hakuna pembe ya kimya kwa mtoto anayeumizwa na kelele, na kwamba mama huulizwa na jirani zake ni nani aliyemroga, au yeye mwenyewe amefanya nini. Mafundisho ya madaktari wetu, kama katika Chuo Kikuu cha Goma na katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben huko Butembo, yanahitaji hadithi za hapa, kwa Kiswahili cha hapa.

Kijana wetu alielewa mara moja. Akashika simu yake, akasema, “Mama, rudia hayo, nikurekodi.” Mama akasema, “Ngoja.” Akauliza maswali matatu. Nani ataiona? Itakaa wapi baadaye? Na mtoto, akiwa mkubwa, watu wakamcheka kwa picha hiyo, nani atakayeifuta? Kijana hakuwa na jibu, akairudisha simu mfukoni. Tunamsifu kwa hilo. Wengi wangeendelea.

Maswali ya mama huyo si ya woga. Picha ikitoka katika simu moja, huenda katika simu mia kabla ya jua kuzama. Na kwetu mtoto aliyeonekana akijisukasuka na kupiga kelele anaweza kuitwa mchawi kesho yake. Ni kweli kwamba sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009, juu ya ulinzi wa mtoto, inakataza kumsingizia mtoto uchawi. Lakini sheria iko katika karatasi, na jirani yuko mlangoni.

Tukakumbuka Injili ya Marko. Bwana wetu alipoletewa mtu kiziwi asiyeweza kusema vizuri, hakumponya katikati ya watu ili wamshangilie. Kwanza alimtenga na umati, akawa naye peke yake. Kisha akamgusa masikio na ulimi. Twaona hapo kanuni kamili ya kazi hii. Anayetaka kusimulia maisha ya mtu dhaifu amtenge kwanza na macho ya umati, amguse kwa lugha anayoielewa, ndipo mengine yafuate.

Kwa hiyo twatoa maoni yetu kwa walimu wa madaktari, kama watapenda kuyasikia.

Kwanza, hadithi isionyeshwe peke yake. Baada ya picha mzazi mmoja aketi mbele ya darasa, au kijana mwenye usonji anayeweza na kupenda kusema, ili wanafunzi waulize na kuulizwa. Huko Kenya wazazi ndio walioanzisha Chama cha Usonji mwaka 2003; hawakungoja kusemewa. Picha haiwezi kumwambia mwanafunzi, “Hapana, hukunielewa.” Mtu anaweza.

Pili, ruhusa isiombwe mara moja tu. Iombwe kabla ya kurekodi, iombwe tena msimulizi akiisha kuiona kazi, na awe na haki ya kuirudisha hata baadaye. Kama uso hauhitajiki, usionyeshwe. Sauti ya mama na mlio wa kifuniko vingetosha kabisa kumfundisha daktari.

Tatu, mwanafunzi asipimwe kwa machozi yake. Wako watu wanaolia mbele ya sinema, na kesho wakaandika kiziwi bila kuinua kichwa. Apimwe kwa swali atakalomwuliza mama wa kwanza atakayemjia: “Mama, wewe humwitaje mtoto huyu?” Akiuliza hivyo, hadithi imefanya kazi yake. Asipouliza, amepoteza dakika nane.

Yawezekana mtu akatupinga, akisema, “Madaktari wetu ni wachache, mstari ni mrefu, nafasi ya hadithi iko wapi?” Twamjibu kwamba swali hilo halichukui hata nusu dakika. Kuandika kiziwi kulichukua muda ule ule.

Mama yule bado hajarekodi hadithi yake. Amesema atafikiri, nasi hatumhimizi. Lakini ametupa ruhusa kuiandika hapa bila jina, na tulimsomea karatasi hizi zote kabla ya kuzituma. Mahali pamoja alitusahihisha: tulikuwa tumeandika kwamba alimpata mtoto kwa bahati. Akasema, “Si bahati, Mwalimu. Nilijua.” Tukafuta.

Nasi tumebadili kidogo namna yetu ya kufundisha. Siku ya mafundisho hatumwiti mtoto yule jina kwa sauti kubwa. Twaweka kifuniko juu ya saruji, twakizungusha mara moja. Wiki za kwanza watoto wengine walicheka. Sasa hugombania zamu ya kukizungusha. Naye huja, huketi karibu na mlango, mahali mwanga unapopita katika tundu la bati. Padri amekubali aandaliwe polepole. Ni nini anachokishika katika mafundisho yetu hatujui, kama tusivyojua kwa hakika wanachokishika wale wanaojibu upesi.

Basi, wasomaji wapenzi, mwenye mtoto wa namna hiyo nyumbani asimfiche. Na mwenye jirani wa namna hiyo asiulize nani amemroga. Aulize anaitwaje, tena amsikilize mama yake mpaka mwisho wa neno.